Hesabu ya soko, hesabu ya mtihani: namna mkato mmoja unavyomnyanganya mtoto pointi

Simama kidogo asubuhi pale Kalundu wakati mitumbwi inarudi kutoka ziwani, ao ingia kwenye soko yoyote ya Uvira, kisha usikilize. "Nipimie kilo moja na nusu." "Ongeza robo." "Dola inavunjwa ngapi leo?" Mtoto wa miaka kumi na moja, ambaye mama yake amemwachia meza kwa dakika tano, anajibu maswali hayo yote bila kalamu na bila karatasi. Hawezi kuchanganya kilo tatu na nusu na kilo tatu na gramu hamsini. Akichanganya, hasara itaonekana palepale, na mama ataisema.

Sasa mchukue mtoto yuleyule, umuweke mbele ya karatasi yenye 3,5 na 3,05, umuulize ipi ni kubwa. Hapo wengi wanasimama. Wengine watakujibu: "Ni 3,05, juu iko na namba mingi." Hawajui kwamba wameulizwa swali lilelile la sokoni: kilo tatu na nusu, ao kilo tatu na gramu hamsini?

Makala hii ni kwa ajili ya mtoto huyo wa ya sita, mzazi wake, na mkubwa yeyote wa nyumba anayemsaidia kurudilia masomo. Tunataka kuonyesha kitu kimoja: akili ya desimali na ya fraksio mtoto wetu anayo tayari. Kinachomkosesha pointi, mara nyingi, ni kutosoma vizuri fasi ya kila tarakimu, na kusahau kujiuliza kama jibu lake linaweza kuwa la kweli.

Mtihani wenyewe

Mwanafunzi anayemaliza mwaka wa sita wa shule ya msingi anafanya mtihani wa taifa. Wazazi wengi bado wanauita TENAFEP. Siku hizi jina lake ni ENAFEP. Kuna Kifaransa, kuna hesabu, na kuna maarifa ya jumla. Anayefaulu anapata certificat na kuendelea mwaka wa saba. Huko mbele, mwisho wa mwaka wa nane, kuna TENASOSP, na mwisho wa humanités kuna Examen d'État. Mitihani yote hiyo inamkutanisha tena na mkato na fraksio.

Maswali ni ya kuchagua jibu. Kwa mtihani wa namna hiyo, anayesahihisha haoni ulivyofikiri. Haoni kwamba ulijua kuzidisha lakini ukaweka mkato pabaya. Anaona jibu ulilochagua, basi. Na mara nyingi jibu la mtu aliyekosea mkato limewekwa pale kati ya majibu mengine, linamngoja.

Kuna na ugumu wa lugha. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na watoto wetu wa huku wanaanza shule kwa Kiswahili. Lakini karatasi ya mtihani wa ya sita inakuja kwa Kifaransa. Tena, tangu masomo ya msingi yawe bure katika shule za serikali, mwezi wa tisa 2019, kalasi nyingi zimejaa, na mwalimu hana muda wa kumkalia kila mtoto. Ukiongeza siku zilizopotea juu ya vita na mafuriko, utaelewa kwa nini kazi ya kurudilia nyumbani imekuwa ya lazima.

Tarakimu si namba

Tuanze na neno ambalo Kifaransa kinaita "chiffre" na Kiswahili cha vitabu kinaita tarakimu. Tarakimu ziko kumi tu: 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9. Namba, ao "nombre", inajengwa kwa tarakimu, sawa vile neno linajengwa kwa herufi. Kwa hiyo mtihani ukiuliza "chiffre" ya kitu fulani, jibu ni tarakimu moja tu.

Tuchukue 4 072,56. Tukitoka kushoto: 4 ni maelfu, 0 ni mamia, 7 ni makumi, 2 ni mamoja. Kisha unakuja mkato. Nyuma ya mkato, 5 ni sehemu za kumi, na 6 ni sehemu za mia. Kila ukisogea fasi moja kuelekea kulia, thamani inapungua mara kumi. Mkato haubadilishi sheria hiyo. Kazi yake ni kuonyesha mamoja yanaishia wapi.

Na ile sifuri? Wengi wanaona haina kazi. Ifute uone: 4 072,56 inakuwa 472,56. Umepoteza maelfu kwa kufuta kitu ulichosema hakina thamani. Sifuri inalinda fasi, ili wengine wasiteleze. Na kwa bahati nzuri, neno la Kifaransa "chiffre" na neno letu "sifuri" ni ndugu: yote mawili yametoka kwa neno la Kiarabu sifr, maana yake tupu.

Ili kuona faida ya fasi, tuende kidogo kaskazini, upande wa ziwa Edward. Mwaka 1950, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua kule Ishango, fasi mto Semliki unapotokea ziwani, mfupa mdogo uliokatwa mistari mingi. Unahesabiwa kuwa wa miaka karibu 20 000, na leo unalindwa Brussels. Mistari imepangwa kwa safu tatu: ukijumlisha unapata 60, 60 na 48. Wataalamu bado wanabishana maana yake. Lakini jambo moja liko wazi: kufikisha 60 kwa njia hiyo kunataka kukata mara 60. Sisi tunaandika 60 kwa tarakimu mbili tu, kwa sababu 6 imekaa kwenye fasi ya makumi. Mtoto asiyesoma fasi anajinyima faida yote hiyo.

Dizaine si dixième

Hapa kuna mtego wa lugha unaokula pointi nyingi. Kwenye karatasi ya Kifaransa, "dizaine" ni kumi, "centaine" ni mia, "millier" ni elfu. Hizo ziko kushoto mwa mkato. Lakini "dixième" ni sehemu moja ya kumi, "centième" ni sehemu moja ya mia, "millième" ni sehemu moja ya elfu. Hizo ziko kulia mwa mkato.

Katika 583,74, tarakimu ya "dizaines" ni 8, na tarakimu ya "dixièmes" ni 7. Maneno yanafanana kwa sikio, ila moja ni mkate kumi, lingine ni kipande kimoja cha mkate uliokatwa mara kumi. Mwambie mtoto hivi: neno likiishia na "-ième", kitu kimekatwa. Yuko nyuma ya mkato.

Mkato ao nukta?

Kwetu, kama kwa wote waliofuata njia ya Kifaransa, desimali inaandikwa kwa mkato: 3,5. Ndugu zetu waliosoma Tanzania ao Kenya wanaandika kwa nukta: 3.5. Na mkato wao wanautumia kutenga maelfu: 1,500 kwao ni elfu moja na mia tano. Kwetu 1,500 ni moja na nusu. Familia nyingi za Uvira na Fizi ziko na watu pande zote mbili za ziwa, kwa hiyo mtoto anaweza kufundishwa na mkubwa mwenye desturi nyingine. Hakuna aliyekosea. Lakini kwenye mtihani wa Kongo, mkato ndio desimali.

Simu nayo inaongeza fujo. Kwenye simu nyingi, mashine ya hesabu inatumia nukta. Muuzaji aliyezoea kuandika faranga 1.500 akiingiza hivyo na kuzidisha kwa 4, simu itamwambia 6. Alitaka 6 000. Simu haikukosea, imesoma moja na nusu mara nne. Ili kukwepa hayo, maelfu tunayatenga kwa nafasi ndogo, 1 500, na kwenye simu tunaandika 1500 bila alama yoyote.

Na kuna fasi ambayo mkato unagusa maisha. Ukipewa siro ya mtoto yenye maandishi 2,5 ml, hiyo ni mililita mbili na nusu. Ukiisoma 25, umempa dawa mara kumi. Tunaposema mtoto ajifunze kusoma mkato, hatufikirii mtihani peke yake.

Ndefu si kubwa

Turudi kwa kosa la mwanzo. Mtoto anaona 0,35 na 0,8, anasema 0,35 ni kubwa kwa sababu 35 inapita 8. Dawa yake ni rahisi: jaza sifuri mpaka zote mbili ziwe na urefu sawa nyuma ya mkato. 0,8 inakuwa 0,80. Sasa linganisha 80 na 35. Kwisha.

Kuweka sifuri mwishoni, nyuma ya mkato, hakubadilishi kitu: 0,8 na 0,80 na 0,800 ni sawasawa, kama vile nusu kilo na gramu 500 ni kitu kimoja. Lakini kuweka sifuri kati ya mkato na tarakimu kunabadilisha kila kitu: 0,8 si 0,08.

Wakaaji wa kando ya ziwa wanaweza kuelewa hili vizuri kuliko wengi. Baada ya mafuriko ya mwezi wa nne 2020, wakati mto Mulongwe ulipobomoa nyumba, ziwa Tanganyika lenyewe nalo likaanza kupanda, na mwaka 2024 maji yakaingia tena kwenye nyumba za pembeni. Urefu wa maji unapimwa kwa mita zenye mkato. Tuseme, kwa zoezi tu, mtu mmoja anasoma mita 776,04 na mwingine anasoma 776,4. Ukiona zinafanana, hesabu: 776,40 kutoa 776,04 ni 0,36. Hiyo ni sentimita 36. Kwa mwenye nyumba ya pembeni, tofauti hiyo ni kati ya maji kwenye kizingiti na maji kwenye kitanda.

Fraksio: nani anakata, nani anachukua

Fraksio iko na namba mbili. Ya chini vitabu vya Kiswahili vinaiita asili, Kifaransa "dénominateur": inasema kitu kimekatwa vipande vingapi vilivyo sawa. Ya juu inaitwa kiasi, "numérateur": inasema umechukua vipande vingapi. Katika 3/4, mkate umekatwa vipande vinne, umechukua vitatu.

Kutoka hapo mtoto aone mwenyewe: ukigawa mukeke mmoja kwa watu 8, kila mtu anapata kidogo kuliko ukiugawa kwa watu 5. Kwa hiyo 1/8 ni ndogo kuliko 1/5, hata kama 8 inapita 5. Watoto wa familia kubwa hawahitaji maelezo mengi juu ya jambo hilo.

Ziwa letu lenyewe ni somo la fraksio. Kwa hesabu inayotumika sana, Kongo iko na 45 kwa mia ya ziwa Tanganyika, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Jumlisha: 100, ziwa zima. Sehemu ya Kongo ni 45/100. Namba zote mbili zinagawanyika kwa 5, kwa hiyo tunairahisisha: 9/20. Kwa desimali ni 0,45. Vyote vitatu ni kitu kimoja kilichovaa nguo tofauti, na mtihani unapenda sana kuuliza kama unakitambua kila kikibadilisha nguo.

Jiulize sasa: Kongo iko na nusu ya ziwa? Nusu ni 0,50. Sisi tuko na 0,45. Bado. Tanzania, je, inapita 2/5? 2/5 ni 0,40, Tanzania iko na 0,41. Inapita kidogo. Na kama eneo la ziwa ni karibu kilometa za mraba 32 900, sehemu yetu ni 0,45 × 32 900, yaani karibu 14 805.

Kujumlisha fraksio bila kudanganywa

Kosa linalorudi kila mwaka ni hili: 1/2 + 1/4, mtoto anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anaandika 2/6. Usimkemee. Mpeleke sokoni kwa akili: "Ulikuwa na nusu kilo ya ndagala. Nimekuongezea robo. Sasa uko na ngapi?" Atajibu robo tatu, bila kufikiri mara mbili. Kisha muonyeshe kwamba 2/6 ni sawa na 1/3, na 1/3 ni chini ya nusu. Inawezekanaje uongezewe samaki, halafu upungukiwe?

Sheria inatoka hapo. Huwezi kujumlisha vipande visivyolingana. Lazima kwanza ukate vyote kwa ukubwa mmoja. Nusu ni 2/4. 2/4 na 1/4 ni 3/4. Kwa 1/2 + 1/3, tafuta namba inayogawanyika kwa 2 na kwa 3: ni 6. Nusu inakuwa 3/6, theluthi inakuwa 2/6, jumla 5/6. Asili haijumlishwi kwa sababu ni jina la kipande tu. Nazi tatu na nazi mbili ni nazi tano.

Kutoka fraksio kwenda desimali

Mstari wa fraksio maana yake ni kugawa. 3/4 ni 3 kugawa kwa 4, unapata 0,75. 1/8 ni 0,125. Lakini 1/3 inatoa 0,333… na haimaliziki, hata ukiandika mpaka usiku. Sababu yake: ukiisha kurahisisha fraksio, angalia asili. Ikijengwa kwa 2 na 5 peke yake (kama 4, 8, 10, 20, 25), desimali itaisha. Ikiwa ndani yake kuna 3, ao 7, ao namba nyingine ya namna hiyo, haitaisha. Kwa hiyo 1/3 si 0,3, na si 0,33. Ni kubwa kidogo kuliko zote mbili.

Hizi mtoto azishike kwa kichwa, kama anavyoshika jina la kwao: 1/2 ni 0,5. 1/4 ni 0,25. 3/4 ni 0,75. 1/5 ni 0,2. 1/8 ni 0,125. 1/10 ni 0,1. 1/100 ni 0,01. Aangalie sana 1/5, kwa sababu wengi wanaandika 0,5.

Kujumlisha, kuzidisha, kugawa

Kwa kujumlisha na kutoa, panga mkato chini ya mkato. Mtoto anayepanga kwa kufuata ukingo wa kulia, katika 12,5 + 3,75, atajumlisha 125 na 375, aandike 5,00. Kumi na mbili na kitu, ukiongeza tatu na kitu, haiwezi kuwa tano. Akipanga vizuri, 12,50 + 3,75, anapata 16,25.

Kwa kuzidisha, sahau mkato kwanza, zidisha, kisha hesabu tarakimu ngapi zilikuwa nyuma ya mkato kwa pande zote mbili. 0,5 × 0,5: tano mara tano ni 25, tarakimu mbili nyuma ya mkato, jibu 0,25. Wengi wanaandika 2,5 kwa sababu wamezoea kwamba kuzidisha kunakuza. Lakini 0,5 × 0,5 maana yake ni nusu ya nusu, na nusu ya nusu ni robo. Mama yeyote anayepima unga anajua.

Kugawa nako kunashangaza. Uko na bido ya litre 20 ya mawese, unajaza chupa ndogo za litre 0,25. Unapata chupa ngapi? Mtoto anaogopa kuandika namba inayopita 20. Muulize: litre moja inajaza chupa ngapi za robo? Nne. Basi litre 20 ni chupa 80. Kwa karatasi, zidisha pande zote mbili kwa 100 ili mkato uondoke: 2 000 kugawa kwa 25, jibu 80.

Pima kwanza, kisha chagua

Kwa mtihani wa kuchagua jibu, silaha kubwa ni kukadiria. Tuseme dola moja inavunjwa kwa faranga 2 800, na swali linataka dola 7,5. Majibu yaliyotolewa: 2 100; 21 000; 210 000; 20 300. Kabla ya kuzidisha, jiulize: dola 7 ni 19 600, dola 8 ni 22 400. Jibu liko katikati. Mawili yameanguka palepale: 2 100 na 210 000, ambayo ni ya waliokosea mkato. Yamebaki mawili. Nusu dola ni 1 400. 19 600 na 1 400 ni 21 000. Na lile 20 300? Ni la mtu aliyezidisha 2 800 kwa 7,25, yaani aliyedhani nusu ni 0,25.

Kila jibu baya liko na njia iliyolizaa. Mtoto aliyezoea kujiuliza "hii inaweza kuwa kweli?" hawezi kunaswa haraka. Na swali hilo ndilo analojiuliza kila siku akirudisha chenji.

Mzazi asiyejua Kifaransa afanye nini?

Baba, mama, dada mkubwa, msiseme kwamba hamuwezi kusaidia. Fanyeni haya.

Kwanza, kila mtoto anapohesabu kitu nyumbani ao sokoni, mwambie aandike. "Umesema kilo moja na robo. Andika." Aandike 1,25 na 1 na 1/4, vyote viwili. Hapo ndipo daraja kati ya mdomo na karatasi linajengwa.

Pili, asome kwa fasi, si tarakimu mojamoja. 2,07 asiseme tu "mbili mkato sifuri saba". Aseme "mbili na sehemu saba za mia".

Tatu, kabla hajakupa jibu, akwambie kwanza liko kati ya namba gani na gani.

Nne, akikosea, usimwambie jibu. Mwambie akuelezee kwa samaki, kwa unga, kwa feza. Mara nyingi atajisahihisha mwenyewe kabla hajamaliza kueleza.

Na usimnyime binti nafasi hiyo juu ya kazi za nyumba. Anayepima unga na kurudisha chenji kila siku amekwisha kufanya nusu ya masomo haya. Mpe na kalamu.

Zoezi la nyumbani

1. Panga kuanzia ndogo: 0,7, 0,07, 0,65, 0,605.
2. Katika 936,18, tarakimu gani ni ya "centaines", na gani ni ya "centièmes"?
3. Andika 3/8 kwa desimali.
4. Ipi ni kubwa: 1/3 ao 0,3?
5. Mama alikuwa na kilo 6 za ndagala. Ameuza 2/3, na nyumbani wamekula kilo 0,25. Zimebaki ngapi?
6. Bido ya litre 20 inajaza chupa ngapi za litre 1,25?

Majibu: (1) 0,07, 0,605, 0,65, 0,7. Jaza sifuri: 70, 605, 650, 700. (2) 9 ni ya "centaines", 8 ni ya "centièmes". (3) 0,375, yaani mara tatu ya 0,125. (4) 1/3, kwa sababu ni 0,333… (5) 2/3 ya 6 ni 4, zinabaki 2, ukitoa 0,25, ni kilo 1,75. (6) 2 000 kugawa kwa 125 ni chupa 16.

Mtoto akikosa mawili ao matatu, asivunjike moyo. Arudi kwa lile swali la kwanza: kilo tatu na nusu, ao kilo tatu na gramu hamsini? Jibu anajua. Siku ya mtihani, mbele ya 3,5 na 3,05, akumbuke tu kwamba ni meza ileile ya mama, na mzani uleule.